Mrejesho: Ubuntu Studio au Xubuntu kwenye mashine ya zamani
Wakuu, habari za Mtwara. Wiki tatu zilizopita niliuliza: kompyuta yangu ya mezani ni ya zamani, RAM GB 4, nataka kurekodia ngoma na kwaya, niweke Ubuntu Studio (Linux iliyojaa programu za sauti na video) au Xubuntu ya kawaida (Linux nyepesi)? Nawashukuru sana mlionijibu.

Nilianza na Ubuntu Studio kwenye flashi, bila kuinstoli. Inapendeza, programu zote zimo. Ila tangu toleo la 20.10 inatumia mazingira ya dawati (madirisha na menyu) ya KDE Plasma badala ya Xfce iliyo nyepesi zaidi, na mashine yangu ilihema kweli. Nikifungua Ardour, programu ya kurekodia, na brauza pamoja, kishale kinaganda.

Basi nikaweka Xubuntu, nikaongeza Ardour na Audacity (ya kurekodi na kuhariri sauti) tu. Jumamosi nimerekodi sindimba uani, Chikongola. Mwanzoni sauti ilikuwa inakatikakatika. Nikapandisha bafa (akiba ndogo ya sauti inayoipa kompyuta muda wa kuichakata) kutoka sampuli 128 hadi 512, ikatulia. Nyimbo nne zimetoka safi, hata njuga za miguuni unazisikia moja moja. Nimefurahi mno, wazee wamesikiliza mara mbili.

Sasa natafuta SSD, ile diski ya kasi. Nikishaifunga nitawaambia.