Kalenda inatosha kuzuia mimba kama mzunguko unarukaruka na mume anarudi wikiendi tu?

MamaT_Nzuguni (Jumatatu, saa 2 asubuhi)
Habari za asubuhi wapendwa, naomba msaada wa haraka. Mwanangu ana miezi kumi na moja, ananyonya lakini anakula pia uji na ugali laini. Hedhi ilirudi akiwa na miezi minne, na tangu hapo naandika tarehe nyuma ya kadi yake ya kliniki. Mwezi mfupi kuliko yote ulikuwa siku 25, mrefu 33. Baba yake anafanya kazi Dar, anakuja na treni ya Ijumaa, Jumapili anaondoka. Siku hatuchagui sisi, ratiba yake ya kazi ndiyo inayotuchagulia. Juzi Jumamosi usiku tulikutana bila kinga, ilikuwa siku ya 10 tangu nilipoanza kuona damu. Dada mmoja ninayeuza naye mlenda mkavu pale Majengo anasema hatari ni siku ya 14, mbili nyuma na mbili mbele, kwa hiyo nimepona. Ni kweli? Sindano ya uzazi wa mpango sitaki tena, kabla ya mtoto huyu ilinivurugia damu kabisa. Natamani njia ya asili. Mtoto bado mdogo mno jamani.

BabaWawili_Kongwa
Shemeji usiogope. Mimi na mama watoto tunakwenda na kalenda na kumwaga nje, mwaka wa tatu huu, mimba hakuna. Cha msingi mwanaume awe makini.

Bibie_Makulu
Mwenzangu unanyonyesha, mimba itatoka wapi? Kunywa maji ya chumvi ya vuguvugu glasi mbili, utulie.

Nesi_wa_Bahi
MamaT mdogo wangu, tuanze na la leo maana saa zinakwenda. Chumvi iache. Inapita njia ya chakula, mbegu ziko kwenye kizazi, havikutani popote.

Nenda leo hii kituo cha afya au duka la dawa, uliza P2, vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba. Inatakiwa ndani ya saa 72, na kwako zinaisha kesho usiku, ila kadiri unavyowahi ndivyo inavyofanya kazi vizuri. Vidonge viwili unavimeza kwa pamoja, na utaendelea kunyonyesha. Ukitapika ndani ya muda wa saa mbili tangu umeze, rudi upewe tena. Kama unatumia ARV, dawa za kifua kikuu au za kifafa, mwambie mhudumu kabla hajakupa, kwa sababu zinaipunguza nguvu. P2 huchelewesha yai lisitoke. Likiwa limeshatoka haisaidii, na mimba iliyokwisha kutunga haiitoi.

Sasa hiyo siku ya 14. Nasikia hesabu hii kila wiki mezani kwangu, na inaniuma, kwa sababu wanaokuja nayo wameshabeba mimba. Yai hutoka takriban siku 14 KABLA ya hedhi inayofuata. Mwenye mzunguko wa siku 28 anaangukia katikati. Wewe mwezi wako wa siku 25 yai lilitoka karibu na siku ya 11, ule wa 33 karibu na siku ya 19. Mwezi huu ni upi kati ya hiyo? Utajua damu ikija. Yai lenyewe halimalizi siku moja, lakini mbegu hukaa hai ndani ya mwili hadi siku tano zikilisubiri. Kwa hiyo siku ya 10 kwako si salama hata kidogo.

Hesabu ya kalenda inataka miezi sita ya kumbukumbu, na wewe unayo, hongera. Mwezi mfupi toa 18, mrefu toa 11: 25 inakupa 7, 33 inakupa 22. Kuanzia siku ya 7 mpaka ya 22 ni kujizuia au kondomu. Hebu pitisha wikiendi za baba T hapo, uone zinabaki ngapi.

Kwenye droo yangu nina shanga za mzunguko za kufundishia. Nyekundu ni siku ya kwanza ya damu, za kahawia ni salama, nyeupe kumi na mbili ni siku ya 8 hadi ya 19. Unasogeza kipete cheusi shanga moja kila siku. Ni njia nzuri, ila ni ya mwenye mzunguko wa siku 26 hadi 32 bila kuruka. Wako unatoka nje kote kuwili, kwa hiyo nisingekupa.

Bibie, kunyonyesha kunakinga kweli, tena sana, yakiwepo matatu kwa pamoja: mtoto hajafika miezi sita, ananyonya tu mchana na usiku bila uji wala maji, na hedhi haijarudi. MamaT hana hata moja.

Baba Wawili, nafurahi kwa ajili yenu. Ila katika wanawake 100 wanaotegemea kumwaga nje, wapatao 20 hupata mimba ndani ya mwaka. Wakifanya bila kukosea hata mara moja, ni kama wanne.

MamaT_Nzuguni (saa 7 mchana)
Asante sana dada. Nimepata, nimemeza saa tano, sijatapika. Je, Ijumaa akija nimekingwa? Na ule ute wa kuvutika nao vipi?

Nesi_wa_Bahi
Hapana, P2 haikingi tendo linalofuata. Ijumaa ni kondomu.

Ute unaovutika vidoleni kama ute wa yai bichi unaonyesha yai linakaribia, na ni dalili nzuri ya kuongezea kwenye kalenda. Ila fangasi na manii huivuruga, na wewe unahitaji miezi kadhaa kuuzoea huku mmoja wenu yuko Dar.

Kwa vile kilichokukera ni homoni, uliza kitanzi cha shaba, kile kinachowekwa ndani ya kizazi. Hakina homoni, kinakaa miaka kumi na zaidi, unakitoa siku unayotaka. Hedhi inaweza kuwa nzito kidogo miezi ya mwanzo. Kwenye vituo vya serikali uzazi wa mpango ni bure. Tena kikiwekwa ndani ya siku tano tangu Jumamosi kinazuia mimba hii vizuri kuliko P2, kwa hiyo ukiweza kesho asubuhi, nenda na kadi yako yenye tarehe. Kama hutakiweka, pima mimba wiki tatu baada ya Jumamosi ile, hata ukiona damu kidogo katikati.