Laini mpya ya gesi ya mgahawa: tuiandaeje kabla ya kupima presha?

Swali
Wakuu, tumemaliza kufunga laini ya LPG ya jiko la mgahawa hapa Dar. Kopa ya mm 22, kama mita 30, mitungi ya kilo 38 iko nje, regulata ya kwanza inatoa bar 1. Mwenzangu anataka tufunge koki za majiko kisha tusukume oksijeni ya kuchomelea, maana ipo saiti. Nyie huwa mnaanzaje?

Jibu 1
Oksijeni hapana kabisa! Mafuta au grisi iliyobaki ndani inaweza kuwaka ikikutana na oksijeni yenye presha. LPG yenyewe usipimie pia. Tumia naitrojeni, na mtungi wake uwe na regulata pamoja na valvu ya usalama, maana ukijaa unaweza kuwa na bar 200.

Halafu koki si kizibo. Ikipitisha kidogo tu, presha inaingia hadi upande wa milibar 30 wa regulata ya jiko na kuharibu kiwambo (utando wa ndani ya regulata), huku geji ikishuka na wewe ukihangaika kutafuta tundu kwenye bomba zima. Ondoa mitungi, regulata na hosi zote, ziba kila mdomo kwa plagi ya kukaza kwa spana.

Jibu 2
Kabla ya kuziba, puliza laini kipande kwa kipande, mdomo uelekee pasipo na mtu. Vumbi la kopa ndilo huja kuziba pua za majiko. Maungio yabaki wazi, bila rangi wala plasta, na flaksi (dawa inayopakwa wakati wa kuchomelea kopa) isuguliwe kwa maji moto na brashi: ikiganda huziba tundu dogo, kipimo kinapita, baadaye panavuja.

Muuliza swali
Asanteni. Geji niliyonayo ni ya bar 10, inatosha?

Jibu 1
Haifai. Utapima kwa bar 1.5, yaani mara moja na nusu ya presha ya kazi. Uvujaji mdogo hutauona kwenye geji hiyo. Tafuta ya 0 hadi 2.5. Anza na bar 0.3, pitisha povu la sabuni isiyo na amonia (amonia hupasua fitingi za brasi), ndipo upandishe.

Presha ikifika bar 1.5, funga valvu, chomoa hosi ya naitrojeni, subiri itulie ndipo uandike namba. Bomba la juani likipoa kutoka nyuzi 40 hadi 25, bar 1.5 hushuka kwa takriban 0.12 bila kuvuja popote, kwa hiyo pima alfajiri. Ukikuta ungio linatoa povu, toa presha yote kwanza ndipo uguse spana.