Kwa nini viatu vya kwenye muvi haviishi mvuto? Swali kutoka Mlango Mmoja, Mwanza

RabaKali_Mza

Wakuu habari za jioni. Mimi ni muuza raba za mtumba hapa Mlango Mmoja, Mwanza, leo sijaja kutangaza biashara, nina swali la kweli kabisa.

Wiki hii nimefungua belo nikakutana na raba ya Nike Cortez nyeupe, tiki nyekundu, soli ina mstari wa bluu. Kisigino cha kulia kimelika kwa nje, na ngozi ya mbele imeshaanza kukunjamana pale vidole vinapokunjika. Nikaipiga brashi, nikaijaza magazeti isimame vizuri, nikaiweka mbele kwa elfu ishirini na tano. Akapita dogo wa chuo cha SAUT, akaishika, akaigeuza, akasema bro hii si ndo ya Forrest Gump, akatoa simu akanionyesha picha ya jamaa kakaa kwenye benchi, akalipa bila kuomba nipunguze hata mia. Hajafika hata barabarani akaja mwenzake anataka kama ileile na anasema hata arobaini anatoa.

Sasa wakuu ile muvi ni ya mwaka 1994, hao madogo walikuwa hawajazaliwa. Na pembeni yake kulikuwa na raba mpya zaidi, soli nzima, haijachoka popote, hakuna aliyeiangalia mara mbili. Kinachonishangaza ni kwamba sijawahi kuulizwa shati la steringi, wala suruali yake, wala begi, lakini kiatu chake watu wanakikumbuka miaka yote. Kwa nini kiatu? Na la pili, nipange bei kwa jina la muvi au kwa hali ya kiatu? Mke wangu anasema nisianze tamaa. Karibuni.

Ngosha_Buhongwa

Mleta mada hapo hakuna maajabu, ni hela ya matangazo tu. Kampuni inajua ukimvalisha steringi kiatu umemvalisha na mtoto wa mwenzio. Angalia Back to the Future ya pili, 1989, dogo anavaa Nike zinajifunga kamba zenyewe, dunia nzima ikachanganyikiwa, kumbe chini ya seti kuna mtu anavuta nyaya. Mwaka 2011 Nike wakatoa pea 1,500 wakazipiga mnada kuchangia utafiti wa ugonjwa wa Parkinson kupitia taasisi ya Michael J. Fox mwenyewe, huyo dogo wa kwenye muvi, na hizo hata kujifunga zilikuwa hazijifungi! Za kujifunga kweli zikaja 2016, pea 89 tu. Yaani miaka 27 watu wanasubiri kiatu cha uongo kiwe cha kweli. Hayo ni matangazo mkuu. Uza arobaini, uza hata hamsini, mke mwambie ndo biashara.

Mzee wa Bugaluu

Ng'wanawane Ngosha, unaongea kama dunia imeanza na Nike. Sisi wakati tunavaa bugaluu na raizoni za soli nene mpaka mtu anashuka ngazi kwa tahadhari, nani alikuwa anatutangazia? Tuliona kwenye picha, tukaenda kwa fundi tukamwelekeza kwa mikono, basi.

Halafu mfikirie Bruce Lee. Amefariki Julai 1973, na mwaka huohuo ndo imetoka ile picha yake ya kwenye kisiwa, Enter the Dragon, ambako amevaa suruali nyeusi na vile viatu vyeusi vya kitambaa vya kuingiza mguu tu, soli nyembamba. Havina tiki, havina mistari, havina jina la mtu yeyote. Ni viatu vya bei ya chini kabisa, na bado hakuna kijana wa mjini hapa ambaye hakuvitaka. Tulikuwa tukitoka kuangalia picha njia nzima ni mateke mpaka nyumbani, na mwenye kile kiatu ndiye alikuwa anapewa nafasi ya Bruce, sisi wengine tulikuwa maadui wa kupigwa. Kampuni gani ilifaidika hapo?

Na kabla ya hapo kuna Wahindi. Raj Kapoor, picha ya 1955, anatembea barabarani anaimba kwamba kiatu chake ni cha Japani, suruali ya Uingereza, kofia nyekundu ya Urusi, lakini moyo wake ni wa India. Wimbo umeanza na kiatu! Na kiatu chenyewe kimechoka, maana jamaa anaigiza maskini kwa mtindo wa Charlie Chaplin, na huyo Chaplin naye ukimwondolea vile viatu vikubwa hamna kitu kinabaki. Mwaka 1925 alikichemsha kiatu akakila kwenye picha, anazungusha kamba kwenye uma kama tambi. Kilikuwa kimetengenezwa kwa pipi nyeusi ya likorisi.

Kwa hiyo jibu langu mimi, mtu anapenda kiatu cha steringi kwa sababu ndo kitu pekee cha steringi anachoweza kukimudu. Farasi huwezi, gari huwezi, nyumba huwezi. Kiatu unaweza.

dogo_wa_Kirumba

Nasubiri siku steringi aokoe dunia na yeboyebo hapo ndo mtaniona sokoni mapema 😂😂

MamaTatu

Dogo wa Kirumba umeniua. Ila nauliza seriasi, Bongo Muvi kuna kiatu gani mnakikumbuka? Mimi nakumbuka wigi, nakumbuka magari ya kuazima, kiatu sikumbuki hata kimoja. Waandaaji wakisoma uzi huu wajitafakari.

Ngosha, mimi sikubaliani na wewe kabisa. Kiatu cha filamu chenye bei kubwa kuliko vyote hakina kampuni yoyote nyuma yake inayokiuza dukani. Ni vile viatu vyekundu vya yule binti Dorothy kwenye The Wizard of Oz, ya 1939, alivyovaa Judy Garland. Kwenye kitabu cha mwaka 1900 vilikuwa vya fedha, wakavigeuza vyekundu kwa sababu filamu za rangi ndo zilikuwa zinaanza kupamba moto na walitaka kitu cha kung'aa machoni. Ni viatu vya kawaida tu vimeshonewa puleki za kumetameta juu kwa juu.

Sasa sikilizeni hii. Pea moja ilikuwa kwenye jumba la makumbusho la Judy Garland huko Minnesota, Marekani, ikaibiwa mwaka 2005. Mwizi alivunja kioo kwa nyundo akaondoka navyo, na alikuwa anaamini vile vitu vyekundu ni vito vya thamani, akapeleka kwa mnunuzi wa mali za wizi akaambiwa baba hivi ni vioo tu, akaachana navyo! FBI wakavipata 2018. Desemba 2024 vikapigwa mnada, na ukijumlisha na gharama za mnada vikafika dola milioni 32.5. Kwa pesa yetu ni zaidi ya bilioni 70. Mwizi aliona havina thamani kwa sababu havina vito.

Na mimi mwenyewe ninaye binti chekechea, ukimwambia achague kiatu cha sikukuu anapita vyote anakwenda kwenye chekundu cha kung'aa, hiyo filamu hajawahi kuiona, hata jina halijui.

Ngosha_Buhongwa

Dada MamaTatu hiyo ni mali ya makumbusho, mleta mada anaongelea raba ya kuvaa kupandia daladala. Tusichanganye. Na Mzee wangu shikamoo, kwenye Bruce Lee nakupa, sina la kusema.

Ila Cortez yenyewe ina stori. Mwanzilishi wa Nike, Phil Knight, alianza kwa kuuza viatu vya Wajapani, Onitsuka Tiger, wakagombana wakapelekana mahakamani, na kiatu kilichogombewa ni hichohicho. Nike ikabaki na jina Cortez, Tiger wakakiita Corsair, viwili vinafanana kama mapacha mpaka leo. Halafu Tiger nao wakapata bahati yao 2003, yule mama wa Kill Bill kavaa za njano zenye mistari myeusi anawafyeka watu kwa upanga. Kwa hiyo mkuu ukikuta Tiger ya njano kwenye belo usiiweke kwenye lile fungu la buku kumi, nakuambia kama ndugu.

Fundi_Igoma

Wakuu nashona na kugundisha viatu, naomba nichangie kwa upande wa kazi maana naona mnaongea filamu tu.

Kwa nini kiatu na sio shati, mimi naona hivi. Vaa ile tracksuit ya njano ya Bruce Lee uingie nayo ofisini au msibani, watu watasema huyu kachanganyikiwa. Vaa kiatu, hakuna anayejua isipokuwa anayejua. Unaenda nacho kanisani, unaenda nacho Mwaloni kununua dagaa, na mwenye macho akikiona mnatazamana mnacheka. Nimeletewa Ol Staa (All Star za Converse) nyeusi za shingo ndefu na mzee mmoja mtu mzima sana, anataka nibadilishe soli tu, nikamwambia mzee nunua nyingine maana kitambaa kimeisha, akakataa, akasema hizi ndo za Rocky. Ile muvi ya bondia ni ya 1976. Kiatu chenyewe ni cha mpira wa kikapu, kipo tangu 1917, kimerithishwa mpaka kampuni yake ikanunuliwa na Nike 2003, lakini yule mzee hana habari na kikapu. Yeye anakumbuka mtu maskini anakimbia asubuhi na baridi.

Sasa kwenye bei, RabaKali nisikilize vizuri. Hizi za zamani usiangalie ngozi ya juu, angalia katikati ya soli. Kuna soli za povu la polyurethane, raba za Nike Jordan 4 za zamani ndo mfano mkubwa, lile povu likikaa miaka linanyonya unyevunyevu wa hewa linaoza kwa ndani hata kama kiatu hakijavaliwa kabisa. Na sisi tupo pembeni ya ziwa, unyevu haukosekani. Unaweza kuuza Jordan inang'aa kama ya dukani, mteja akitoka Mlango Mmoja akifika Makoroboi soli imeshamwagika njiani kama makombo. Bonyeza kwa dole gumba karibu na kisigino. Ikirudi polepole au ukisikia inakatika kwa ndani, hicho ni cha kuwekwa kabatini, mwambie mteja ukweli. Kugundisha hakusaidii, gundi inashika povu lililooza, linatoka nalo.

Kwa hiyo hali ya kiatu kwanza, jina la muvi ongezea juu.

Ngosha_Buhongwa

Fundi umenikumbusha, Jordan 4 hiyohiyo ndo ile muvi ya Spike Lee ya 1989, jamaa anakanyagiwa raba nyeupe na mtu wa baiskeli anataka kuanzisha vita mtaa mzima. Baadaye anaisugua kwa mswaki. Hapo ndo nilijua Wamarekani na sisi ni ndugu, mtu akikukanyaga raba mpya kwenye daladala la Buhongwa na matope yale ya masika, hata salamu mnaacha.

RabaKali_Mza

Wakuu wabeja sana. Mzee wa Bugaluu shikamoo, hiyo ya kumudu nimeielewa, maana kweli wale madogo hawana hela, elfu ishirini na tano kwa mwanafunzi ni chakula cha siku kadhaa na bado alitoa anacheka.

Nimeamua hivi, ikiwa soli nzima na kiatu kinajulikana kwenye muvi naongeza elfu tano mpaka kumi, basi, ikiwa soli imechoka bei inabaki ya mtumba hata kama kavaa nani. Mke amekubali, ingawa anasema elfu kumi bado ni tamaa. Fundi, nina Jordan 4 mbili ndani zimekaa tangu mwaka juzi nasubiri mteja wa maana, nimezibonyeza sasa hivi baada ya kusoma ulivyoandika. Moja imerudi vizuri, ya pili imelia krr. Unashusha soli nzima na kuweka nyingine au ndo basi tena?

Fundi_Igoma

Nashusha, naweka soli ya kiatu kingine inayolingana namba, ila haitakuwa Jordan tena kwa wanaojua. Ilete pamoja na raba yoyote yenye soli nzima ambayo juu imechanika, usiitupe hiyo, ndo spea yenyewe.

MamaTatu

RabaKali na mimi usinisahau, chekundu cha kung'aa cha mtoto, namba 29 au 30. Na kisiwe na kisigino kirefu tafadhali, ana miaka mitano.