Blackbird inanitoa jasho

Likoni: Kodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) za F na Bm zimeshakaa vidoleni. Lakini huu wimbo wa Blackbird wa Beatles (1968) kwenye gitaa kavu, lisilo la umeme, mbona nikipanda juu sauti inakatika?

Kisauni: Wainua vidole, shekhe. Viteleze. Gumba lapiga waya wa 5 (hesabu kutoka ule mwembamba), kidole cha shahada wa 2, kwa pamoja. Wa 3 uache wazi ulie katikati. Ukitoka freti (vile vyuma vya shingoni) ya 3 kwenda ya 12 kwenye waya wa 2, wa 5 watoka ya 2 kwenda ya 10. Tazama ya 10.

Bamburi: Mapigo nayo, ami! Baa (fungu la mapigo) ya kwanza ina mapigo 3, inayofuata 4. Anzia mapigo 60 kwa dakika. Na futa nyuzi, zikishika kutu kidole chakwama.