Sodiamu inawaka kwenye maji, klorini ni sumu, sasa hii chumvi mezani tunakula nini?

Mzee wa HKL
Wakuu habari za jioni. Mimi kemia tuliachana kidato cha pili kwa amani, nikaenda zangu HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) na sijawahi kujuta mpaka juzi. Tuko mezani, ugali na mchicha, mchicha umepooza naongeza chumvi, binti yangu (naye yuko kidato cha pili) ananiuliza baba unajua hiyo ni sodiamu na klorini? Nikasema najua bwana, nikiomba ayaishie hapo. Hakuishia. Anasema mwalimu wao aliwaonyesha kipande cha sodiamu kinakaa ndani ya mafuta ya taa, kinakatika kwa kisu kama sabuni ya mche, akadondosha kipunje kidogo tu kwenye beseni la maji kikaanza kukimbia huku na huku kinafoka mpaka kikashika moto. Klorini hiyo nikajifaragua maana ni historia, nikamwambia hiyo ndiyo gesi Wajerumani waliyowaachia maadui zao kule Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Nimejichimbia kaburi mwenyewe maana akauliza, sasa moto ukijumlisha na sumu inakuwaje chakula? Nikajibu zikikutana zinapozana. Akacheka, na mama yake akacheka.

Nimechungulia daftari lake limeandikwa "sodiamu hutoa elektroni moja ili iwe na furaha". Hivi atomu inafurahije jamani? Nisaidieni kwa lugha ya mtu wa HKL.

Kibopa wa Mbagala
Mkuu unajisumbua, unga na maji ukisonga si unapata ugali? Ndo hivyo hivyo, ukichanganya vitu vinabadilika.

Ticha wa Zamu
Kibopa hapana, usimpoteze mzee wa watu. Unga ndani ya ugali ni unga ule ule umeiva tu. Ungekula sodiamu na kuvuta klorini kabla hazijaungana ungekufa kabla ya mchicha.

Mzee sikia. Atomu ina kiini katikati chenye protoni (zina chaji chanya) na nyutroni (hazina chaji), halafu elektroni (zina chaji hasi) ziko nje zimejipanga kwa ngazi. Sodiamu ina protoni 11 na elektroni 11, ngazi ya kwanza zinakaa 2, ya pili 8, inabaki 1 peke yake huko nje kabisa. Klorini ni 17, mpangilio 2, 8, 7. Sasa shika hili moja tu, ukali wote wa sodiamu ule ulioambiwa wa beseni ni ile elektroni moja ya nje. Kiini hakishiriki kwenye ugomvi wowote, kiko mbali huko ndani. Sodiamu ikikutana na maji inaipoteza ile elektroni na hapo ndo joto na moto vinatokea. Ikikutana na klorini inaipoteza pia, klorini inaichukua inakuwa na 8 nje.

Kwahiyo kilichomo kwenye kijiko chako cha chumvi ni sodiamu ambayo ilishapigana ikamaliza. Protoni 11, elektroni 10, inaitwa ioni ya sodiamu, ina chaji chanya moja. Haina tena kile cha kugombania. Klorini nayo vilevile, ilikuwa sumu kwa sababu inanyang'anya elektroni kwenye chochote inachokigusa ikiwemo mapafu yako, sasa imeshapata ya kwake imetulia, chaji hasi moja. Jina ni lile lile ila kitu ni kingine kabisa, na mimi nadhani wanafunzi wengi wanafeli hapa kwa sababu tunasema "sodiamu" kwa vyote viwili.

Mzee wa HKL
Ticha nimekusoma, ila hiyo "imetulia" mbona kama ni furaha ya daftari imebadilishwa nguo?

fundi_spana
Hahaha mzee umemkamata. Mimi nilisoma PCM (fizikia, kemia na hesabu) na hilo neno furaha lilinikera miaka yote. Ukweli ni kwamba sodiamu HAITAKI kutoa elektroni. Kuing'oa unalipa nishati, kama kilojuli 496 kwa moli moja (moli ni kipimo cha kuhesabia atomu kwa mafungu, moli moja ya chumvi ni kama gramu 58 na nusu, chukulia vijiko vichache). Klorini ikiipokea inarudisha kilojuli kama 349. Toa hapo, una deni la 147. Yaani ukichukua atomu moja ya sodiamu na moja ya klorini zikiwa mbalimbali hewani, kuhamisha elektroni ni hasara tupu, hakuna mwenye furaha.

Sasa nani analipa deni? Ioni zenyewe. Chanya na hasi zinavutana, na haziishii kushikana mbili mbili kama maharusi, zinajipanga kila sodiamu moja imezungukwa na klorini 6 na kila klorini imezungukwa na sodiamu 6, juu chini kulia kushoto mbele nyuma, mabilioni kwa mabilioni. Huo mpangilio unatoa kilojuli kama 787 kwa moli. Deni la 147 linalipwa na chenji inabaki nyingi tu. Ndo bondi (muungano) ya ioni hiyo. Na ndo maana haiachii kirahisi, sodiamu yenyewe inayeyuka kwenye nyuzi 98, hata maji hayajachemka, lakini chumvi utaipikia hadi nyuzi 801.

Mtoto wa Lindi
Hapo pa juu chini kulia kushoto pamenigusa maana nimekulia jirani na mashamba ya chumvi. Maji ya bahari yakikaa kwenye majaruba yakipigwa jua siku kadhaa bila upepo, kuna punje zinaota chini zina pande nne nne zimenyooka utadhani kuna mtu kazikata. Tulikuwa tunazichagua tunachezea. Zile kubwa ukizipiga na jiwe taratibu zinapasuka kwa mstari ulionyooka, zinatoka vijipande vya mraba tena. Kumbe ndo hizo 6 kwa 6. Hakuna aliyewahi kuniambia.

Mama Lishe Asilia
Samahani wakubwa naingilia. Jikoni kwangu gesi inawaka bluu, maharage yakifurika yale maji yenye chumvi yakigusa moto unakuwa wa njano kabisa. Inahusiana?

Ticha wa Zamu
Inahusiana sana dada yangu. Kwenye joto lile ioni chache za sodiamu zinapata tena elektroni yao, elektroni ya nje inapanda ngazi ya juu, ikishuka inatoa mwanga na kwa sodiamu mwanga huo ni njano. Potasiamu ingekupa zambarau. Kila elementi na rangi yake kwa sababu ngazi zake zina urefu wake.

dogo_f3
Swali kidogo, chumvi ikiyeyuka kwenye maji si zile sodiamu zinaachiana na klorini? mbona maji hayawaki

Ticha wa Zamu
Zinaachiana kweli, ila zinaachiana zikiwa ioni, hakuna anayerudisha elektroni ya mwenzake. Maji yenyewe ni oksijeni na haidrojeni zinazochangia elektroni, hakuna aliyempa mwenzake moja kwa moja (hiyo ni bondi ya kovalenti), lakini oksijeni inavuta upande wake zaidi, kwahiyo molekuli ya maji ina upande hasi kidogo na upande chanya kidogo. Zinaizunguka kila ioni na kuitenga. Sukari ni tofauti, molekuli yake ina atomu 45 zote zinachangia elektroni, inaingia kwenye maji nzima nzima bila kuvunjika.

Mzee jaribu hii na binti. Betri ya mraba ya volti 9, taa nyekundu ndogo ya LED, penseli mbili zichongwe pande zote mbili, nyaya. Kikombe kimoja cha maji ya mvua na sukari, kingine cha maji ya mvua na chumvi. Ncha za chini za penseli ziingie kwenye maji, za juu ziungwe kwa nyaya na betri na taa, muone maji gani yanapitisha umeme. Maji ya bomba yana ioni zake yatawadanganya. Dirisha wazi, na sekunde chache tu, msisogeze pua.

Mzee wa HKL
Mrejesho. Sukari taa imekataa kabisa, tukaongeza vijiko mpaka mama yake akaja kuuliza. Chumvi taa imewaka papo hapo, na ncha za penseli zote mbili zinatoa mapovu, upande mmoja mengi zaidi. Dirisha lilikuwa wazi lakini harufu ilitufikia, kama ile ya dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, tukachomoa haraka. Binti kasema baba hiyo ndo Ypres. Sasa kaniletea lingine, klorini imerudi tumeinusa, mbona sodiamu haikutoka kwenye penseli ya pili ikawaka?

Ticha wa Zamu
Mwambie swali zuri sana. Pale upande hasi kuna sodiamu na kuna maji, na maji yanapokea elektroni kirahisi kuliko ioni ya sodiamu, kwahiyo yale mapovu mengi ni haidrojeni ya kwenye maji, na kwenye kikombe inabaki soda kali (haidroksidi ya sodiamu), msiiguse kwa mikono. Ukitaka sodiamu yenyewe lazima maji yasiwepo kabisa. Humphry Davy, mwanakemia Mwingereza, mwaka 1807 kule London alipitisha umeme kwenye soda kali iliyoyeyuka ndo akaipata. Viwandani wanayeyusha chumvi yenyewe, wanaichanganya na kloridi ya kalsiamu ili iyeyuke kwenye nyuzi kama 600 badala ya 801.

Mzee wa HKL
Anauliza kloridi ya kalsiamu nayo inatoa elektroni ngapi. Nimemwambia kalale.