Dashibodi ya kuchambua maneno ya Hansadi, watu wanafungua wanatoka

fundi_maandishi: Wakuu habari za saa hizi, nimetengeneza dashibodi kwa Shiny (zana ya kutengeneza programu za wavuti), unachagua mwaka inakuletea wingu la maneno (neno linalotajwa sana linatokea kubwa) ya Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, ila washkaji niliowapa waijaribu wanabonyeza mara mbili tatu wanasepa, mmoja kaniuliza mbona neno kubwa kuliko yote ni YA 😂 alafu ukitafuta neno inaganda. Nianzie wapi?

bi_takwimu: Kuganda ni hivi, mtu akitaipu pole pole seva inahesabu upya karibu kila herufi. Weka debounce, yaani seva isubiri kwanza mtu aache kutaipu, ya milisekunde 800 hivi, au weka tu kitufe cha Tafuta yaishe. Na hizo ya, wa, na, kwa, ni zichuje, ila mwachie mtumiaji aone list na aweze kuzirudisha.

mzee_wa_kodi: Mi hilo wingu ningelitoa kabisa, halisemi kitu. Weka chati ya pau, mtu akigusa "maji" zitokee sentensi zenyewe, nani kasema na siku gani, hapo ndo atakaa.

fundi_maandishi: Asanteni. Vipi analima, walilima, kilimo? Zinahesabika mbalimbali.

bi_takwimu: Ruhusu kutafuta kwa kipande cha neno lakini onyesha yaliyonaswa na kiboksi cha kutiki pembeni, maana "lima" inanasa mlima, alimaliza, hadi Kilimanjaro 😅

fundi_maandishi: Duh, Kilimanjaro imo kweli, nimecheki sasa hivi.