Umeme wa karavani ukirudi nayo Dar

Kutoka Leicester

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za siku. Mungu akijalia mwakani narudi nyumbani moja kwa moja, na nataka kuja na karavani yangu ndogo, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari. Gari nitalinunua hukohuko Dar, huenda Prado ya zamani kidogo iliyotoka Japani. Fundi wa huku anasisitiza soketi ya pini 13. Binamu yangu wa Tabata anasema nivute waya wa taa tu, yatosha. Nimsikilize nani?

Kutoka Kigamboni

Marahaba mdogo wangu. Mimi nilirudi na karavani na gari langu ni Prado hiyohiyo, kwa hiyo haya nimeyapitia.

Anza kwa kuangalia plagi ya karavani yako. Za zamani za Uingereza zina plagi mbili za pini 7: nyeusi ni ya taa za barabarani, ya kijivu inapeleka umeme ndani kwenye betri na friji. Kuanzia modeli za 2009 hivi utakuta plagi moja ya pini 13 iliyobeba yote. Ungekuwa unavuta tela la mchanga, binamu yako angekuwa sahihi kabisa. Lakini wewe una friji, na friji ndiyo inayosumbua.

Mimi nilimsikiliza fundi aliyenifanyia haraka na kwa bei nafuu. Alichubua waya za taa za nyuma za gari, akaunga za karavani hapohapo, akazungushia tepu. Tukaondoka na mama kwenda Morogoro, masika, insulini yake ikiwa ndani ya friji. Tulipokaribia Chalinze giza limeshaingia, dashibodi ikazima ghafla. Kwenye Toyota nyingi fyuzi ya taa ndogo ndiyo hiyohiyo inayowasha mwanga wa dashibodi, na ilikuwa imeungua: maji yalipenya kwenye tepu, waya ukapiga shoti. Nyuma yetu malori, na sisi hatuna taa hata moja ya nyuma. Nilisimama pembeni nikaweka pembetatu, na mikono ilikuwa inatetemeka. Tulipofika, friji nayo ilikuwa vuguvugu. Sitaki mwenzangu yeyote apate usiku kama ule.

Kwa hiyo usikubali taa za karavani zichukue umeme kwenye waya za taa za gari. Weka kisanduku cha rilei, yaani swichi zinazowashwa na umeme. Waya za gari zinakipa ishara tu kwamba breki imekanyagwa au indiketa imewashwa, halafu chenyewe kinachukua umeme wake betrini kupitia fyuzi yake. Karavani ikipiga shoti, inaungua fyuzi ya karavani, gari linabaki na taa zake.

Sasa friji. Kwenye volti 12 inakula karibu ampea 10. Kutoka betri hadi bampa ya nyuma hesabu mita 6, na kurudi 6 nyingine. Ukitumia waya wa milimita mraba 1.5, volti 1.4 hivi zinapotelea njiani, na friji haipoi ng'o. Wa 2.5 unapoteza kama 0.8. Mimi niliweka wa 4, na ninapoteza nusu volti tu. Ulio bora ni wa shaba tupu, kwa hiyo ukiwa Kariakoo mwombe muuzaji achubue ncha uione. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, isije ikawekwa nyuma kwenye buti.

Kwenye soketi ya pini 13, pini 9 ni umeme wa kudumu. Pini 10 ni ya friji, na lazima ipitie rilei inayokata umeme injini ikizimwa. Bila hiyo utalala Mikumi na asubuhi gari haliwaki. Ethi, yaani njia za kurudisha umeme betrini, ziko tatu: pini 3, 11 na 13. Mafundi wetu hupenda kuzikusanya pamoja, lakini upande wa karavani kila moja ibaki peke yake.

Soketi niliipaka grisi ya umeme, maana huku Kigamboni chumvi ya bahari inakula shaba upesi. Ukibadili mawazo ukanunua gari jipya la Ulaya, hayo ni mengine: kompyuta yake inakagua kila balbu, kwa hiyo tafuta waya zilizotengenezwa kwa modeli hiyo na fundi mwenye mashine ya kuiambia kompyuta kwamba kuna tela.

Kutoka Minneapolis

Asante kaka. Sisi wa Marekani je, nikileta tela langu la huku?

Kutoka Kigamboni

Dada, matela mengi ya huko hutumia taa moja na waya mmoja kwa breki na indiketa, wakati kwenye magari ya hapa kila moja ina waya wake. Utahitaji kisanduku cha kuziunganisha, kinunue hukohuko kabla hujafunga mzigo. Kama lina breki za umeme, uje na kidhibiti chake pia, kinafungwa karibu na usukani. Na vifaa vya ndani vya volti 120 usivichomeke kwenye ukuta wa Dar, hapa ni 230.

Mdogo wangu wa Leicester, nitumie picha ya plagi yako wiki hii. Siku ya kutoa karavani bandarini nitakuja na multimita, kile kipima umeme, tupime pini zote 13 kabla hujaingia barabarani.